Mtoto Asiyemshika Mama

Kabla hujamgusa mtoto, mtazame mama yake alivyombeba. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi mnaosomea uuguzi, kila mnaponifuata hapa Kasulu na madaftari yenu na simu za kunirekodi. Mtoto mzima, hata wa miezi minne tu, akiwa mgongoni hujishikilia. Miguu inabana kiuno cha mama, vidole vinavuta nguo, na mama akiinama kuokota kitu mtoto anakaza bila kufundishwa. Mama wa mtoto kama huyo hufunga kitenge kimoja, tena kwa haraka, akaendelea na shughuli zake. Ukimwona mama amefunga vitenge viwili, kimoja kwapani na kingine chini ya makalio ya mtoto, na bado mkono mmoja ameupeleka nyuma kumshikilia, muulize kwa nini. Usianze na kadi. Mimi nilianza na kadi, na leo nataka kuwasimulia hilo, maana mmezoea kunisikia nikijisifu.

Mimi ni mzaliwa wa Newala. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipewa cheti, sanduku la bati na barua ya kunipeleka Kibondo. Nikamuuliza karani Kibondo ni wapi. Akaniambia nisafiri tu, na nikifika mahali ambapo watu hawavui makoti saa nne asubuhi, nishuke. Hakunidanganya sana. Zahanati yenyewe ilikuwa njia ya kuelekea Kitahana, vyumba vitatu vya matofali na friji moja la mafuta ya taa, na kati ya hivyo vyote mwenye kiburi alikuwa friji. Lilitaka kukaa sawasawa, nikaliwekea vipande vya mbao. Lilitaka utambi ukatwe vizuri ili moto uwe wa bluu, kwa sababu ukiwa wa njano linatoa moshi tu na ndani panakuwa vuguvugu. Kila asubuhi nilipiga magoti kuuchungulia moto ule chini, na wagonjwa wakawa wananitania kwamba Sista analiabudu friji.

Sindano tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Zikiwa butu tulizinoa kwa jiwe, kisha tukazipitisha kwenye pamba. Sindano ikinasa nyuzi za pamba, bado ina kijino, unarudi kwenye jiwe. Ninyi mnafungua pakiti, mnadunga, mnatupa. Siwaonei wivu, na makalio ya wagonjwa wenu yanawashukuru.

Kiswahili kwa wengi pale kilikuwa lugha ya ofisini na ya redio. Nyumbani walizungumza Kiha. Nami nilikuwa na Kiswahili chenye harufu ya Kimakonde, kwa hiyo tulivumiliana. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kusalimu, kuuliza mtoto anaharisha tangu lini, na kugombeza. Kugombeza ndiko nilikokujua vizuri zaidi. Tulifundishwa kwamba foleni ya kliniki ni darasa, na mama mmoja akikosea unamsema kwa sauti ili wengine wote wasikie. Niliifuata njia hiyo kwa moyo mmoja, nikaiona inafanya kazi, kwa sababu mahudhurio yalipanda. Sikujiuliza waliosemwa walikwenda nayo wapi maneno yale.

Sasa niwatajie Daforoza. Alikuwa msichana tu, pengine miaka kumi na tisa. Yeye na wazazi wake walikuwa wamevuka kutoka Burundi, akaolewa na kijana Muha wa kijiji kilekile, kwa hiyo ukweni alikuwa mgeni mara mbili. Alikuja kliniki na mtoto wake wa kwanza, msichana wa miezi mitano, mnene, macho yanang'aa, anacheka na kila mtu. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa mama mkwe wake, na pembeni wifi yake, dada wa mumewe, aitwaye Paskazia.

"Sista," aliniambia Daforoza, "huyu mwana hanishiki."

"Kadi iko wapi?"

Akanipa kadi. Miezi miwili haikujazwa. Ilikuwa kipindi ambacho watu walihamishiwa kijiji kipya, na wao walikuwa wakijenga nyumba, wakikata nyasi za kuezeka. Nilimshika mtoto, nikainua mguu mmoja nikauachia. Ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Nikainua wa pili, nao vilevile. Mikono ilikuwa hivyohivyo.

"Matone ya polio hukumletea," nilimwambia kwa Kiha, na sikunong'ona. "Mnakaa nyumbani na watoto, mnasema mna kazi. Haya, mtazameni huyu. Huu ndio uzembe wa mama."

Foleni nzima ilitazama. Daforoza alimchukua mtoto wake, akamfunga upya kwa vile vitenge viwili, akasema, "Lakini Sista, tangu mwanzo hakunishika." Nilimwita anayefuata. Mtoto alikufa kwa kifua kabla hajatimiza mwaka.

Mnaona sasa nilivyokosea kama muuguzi, achilia mbali kama mtu. Polio huja na homa. Mtoto anaugua siku chache, akiamka mguu mmoja umelala, au mguu mmoja umelala zaidi ya mwingine. Ni ugonjwa usiogawa sawa. Mtoto yule hakuwahi kuwa na homa, na alikuwa dhaifu pande zote kwa usawa, tena polepole. Mama yake aliniambia historia yote kwa maneno matatu, nami nilikuwa nasoma kadi.

Baadaye akazaa wa pili, mvulana, Gaspari. Safari hii Daforoza alikuwa wa kwanza kwenye foleni kila siku ya kliniki, anafika umande haujakauka. Kadi ya Gaspari ilijazwa mpaka nikawa naionyesha kwa wenzake kama mfano. Siku moja alifika, akasubiri chumba kiwe kitupu, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, huyu naye hanishiki."

Nilishikwa na baridi kuliko ile ya Kibondo. Kwa maana kuna jambo nilikuwa nalijua mwenyewe. Wiki chache kabla, nilikwenda Kasulu kula Idi kwa rafiki yangu. Niliporudi nilikuta moto wa friji umezimika, sijui tangu lini, na chanjo zote ndani ni vuguvugu. Chanjo nyingine ingechukua majuma kufika. Ningeandika ripoti, ningeulizwa nilikuwa wapi na nani alinipa ruhusa. Basi niliwasha utambi, nikafunga mlango wa friji, na siku ya kliniki nikawapa watoto matone yaleyale. Gaspari alikuwa mmoja wao. Nilipomwona amelegea nilisema moyoni kwamba nimemuua mimi. Mdomoni nilisema tumsubiri daktari.

Daktari wa wilaya alikuwa Shekiondo, Msambaa wa Lushoto, mwembamba, mwenye chupa ya chai ya tangawizi ambayo hakumgawia mtu katika muda wote niliomjua. Alikuwa na tabia moja iliyotukera. Akiingia chumbani aliweka mikono mfukoni na kusimama tu. "Dakika tano za kwanza macho ndiyo yafanye kazi," alisema. "Mikono ina haraka, itakudanganya." Alisimama hivyo mbele ya Gaspari. Mtoto akamchekea.

"Njoo hapa, Somoe," aliniita. "Tazama anavyopumua. Tumbo linapanda, kifua kinaingia ndani. Sasa subiri apige miayo, utazame ulimi."

Nilisubiri. Gaspari alipofungua kinywa, ulimi wake ulikuwa unachezacheza wenyewe, vitetemo vidogo vidogo, mfano wa ngozi ya ng'ombe akifukuza nzi. Sijausahau.

Shekiondo alimuuliza Daforoza kuhusu yule wa kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanitoa nje. Alisema si polio, na hata yule wa kwanza haikuwa polio. Ni ugonjwa unaozaliwa nao mtoto, mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa ndani ya uti wa mgongo. Unatoka kwa baba na mama wote wawili bila wao kuumwa. Vitabuni upo, dawa hauna. Hapo nilijisahau, nikamweleza habari ya friji huku nalia.

"Friji ni kosa lingine," alisema. "Utamwaga chanjo yote, utawaita watoto wote uwape upya, na ripoti utaandika leo hii mbele yangu. Lakini huyu siyo wa friji lako. Wala siyo wa mama yake. Kamwambie."

"Nitamwambia, daktari."

Chanjo nilimwaga. Watoto niliwaita upya. Ripoti niliandika, nikapewa onyo, nikalistahili. Daforoza sikumwambia. Nilijipa sababu nzuri. Nilisema nikitamka kwamba ugonjwa unatoka kwa wazazi, ukweni watamfukuza. Nilisema mtoto bado yu hai, asikatishwe tamaa. Sababu ya kweli ilikuwa fupi kuliko hizo. Ningetakiwa kurudi mbele ya foleni ileile na kusema nilikosea, na walikuwa wameanza tu kuniamini tena baada ya habari ya friji.

Gaspari alikufa mwanzoni mwa mvua. Nilikwenda msibani. Mama mkwe alikuwa amekaa katikati ya wanawake, Daforoza kajikunyata ukutani. Yule mama akasema kwa Kiha, polepole ili nami nielewe, kwamba huyu binti hajui kulea, na kwamba mtoto mwingine akizaliwa, akiachishwa ziwa tu, atalelewa na Paskazia. Halafu akanigeukia. "Si wewe ulisema, Sista, ni uzembe wa mama? Si ndivyo?"

Wanawake wote wakaningoja. Daforoza aliinua kichwa, akanitazama. Ingetosha kusema hapana. Nikaangalia miguu yangu, na ukimya wangu wakauchukua kuwa ndiyo. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kasulu. Nilisikia baadaye kwamba Daforoza alizaa wengine watatu, wote wazima, na kila mmoja alipoachishwa ziwa alichukuliwa.



Miaka ilikwenda. Nikawa mzee, nikastaafu, nikawa wa kufuatwa na wanafunzi. Mjukuu wangu Zuhura akawa daktari wa watoto mjini. Alipokuja likizo tulikaa uani tunachambua maharage, yeye akiwa na simu mkono mmoja, ndiyo sababu mawe mengine yalitufikia mezani. Alinionyesha video ya mtoto wa nchi ya mbali. Mtoto kafungua kinywa, nikauona ulimi ukichezacheza.

"Huyo ni Gaspari," nilisema.

Nikamweleza yote. Zuhura aliweka simu chini. Akasema ugonjwa ule sasa una dawa, na yule mtoto wa kwenye video sasa amesimama. Nilimwambia aache mzaha. Akaniuliza, "Bibi, ulipokuwa wodini, faili la daktari lilikaa wapi?"

"Kabatini. Na ufunguo ninao mimi."

"Wauguzi walifanyaje kazi?"

"Tulinakili maagizo kwenye karatasi, karatasi ndiyo inakwenda kitandani."

"Basi jeni ni faili, halitoki kabatini. Nakala ndiyo inayoitwa RNA, na seli inaifuata hiyo kutengeneza protini. Lakini kabla haijatoka, nakala inakatwa. Vipande visivyotakiwa vinatupwa, vinavyotakiwa vinaunganishwa. Watoto hawa, faili la protini inayolinda mishipa ya misuli limeharibika, lile la baba na lile la mama pia. Ila wote wanalo faili la akiba, linalofanana nalo karibu herufi kwa herufi."

"Kwa nini lisitumike hilo?"

"Linatumika, lakini nakala yake ikifika kwenye mkasi, kipande kimoja muhimu kinatupwa pamoja na takataka. Protini nyingi inatoka pungufu, haidumu. Sasa dawa ni uzi mfupi wa herufi uliotengenezwa maabara. Herufi zake zimepangwa kinyume cha herufi za sehemu moja ya ile nakala, ili zikikutana zishikane, kila moja na mwenzake. Uzi ukikaa pale unaziba alama inayouambia mkasi ukitupe kile kipande. Kipande kinabaki. Protini inatoka kamili."

"Kwa hiyo hamjagusa faili."

"Hatujaligusa. Tumebadilisha jinsi nakala inavyokatwa."

"Ni plasta basi, mmebandika juu ya alama."

"Plasta inayojua mahali pake, Bibi."

Jina lake kamili ni oligonukleotidi ya antisensi, refu kuliko foleni ya Jumatatu. Zuhura alinifafanulia kwamba nyuzi za aina hiyo si za kazi moja. Kwa magonjwa mengine, ambako nakala yenyewe ndiyo inaleta madhara, uzi hushika nakala ili seli iiharibu. Na kwamba wazo hilo lilianza kujaribiwa mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa virusi kwenye vyombo vya maabara. Nilihesabu. Mimi nilikuwa bado nanoa sindano kwa jiwe.

Nanyi msije mkaondoka hapa mkidhani ni muujiza. Dawa hiyo inadungwa mgongoni, kwenye maji ya uti wa mgongo, na inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Mshipa uliokufa haiufufui. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mtoto kugunduliwa mapema, na anayeweza kumgundua mapema ni mtu aliyekaa kwenye foleni ya kliniki na kusikiliza mama anaposema hanishiki. Huku kwetu haijawafikia watu, na bei yake sitaki kuitaja mkakosa kula. Siku moja itafika. Itamkuta muuguzi mlangoni, ama msikivu ama mgombezi.

Asubuhi baada ya mazungumzo yale ya uani nikamwambia Zuhura ninakwenda Rungwe Mpya, maana nilijua Daforoza alihamia huko na ukoo wa mumewe. Alinikuta yeye kabla sijamkuta. Nilikuwa nauliza nyumba, mwanamke mzee akasimama katika uwanja wenye mihogo iliyoanikwa, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Sista." Kwake sikuwa bibi wala mama. Nilikuwa bado Sista.

Alinipa kigoda. Nilimweleza yote, la friji, la daktari, la msibani, kisha la faili na uzi. Alikuwa akigeuza vipande vya mihogo kimoja kimoja.

"Hiyo dawa ingewashika?" aliuliza.

"Kama wangeipata mapema, huenda wangekaa. Huenda wangesimama."

"Ego," aliitikia, ndiyo ya Kiha. Akageuza vipande vingine. "Na daktari alikwambia lini kwamba si mimi?"

"Gaspari alipokuwa hai."

Aliacha mihogo. Nilimwomba msamaha, nikalia, nikiwa mzee wa kulia mbele za watu bila aibu. Hakunibembeleza. Alisema, "Sista, mimi nilijua si mimi. Nilikuwa nawafunga mgongoni, nitakosaje kujua? Lakini Yeremia wangu anamwita Paskazia mama. Mimi ananiita kwa jina." Yeremia ni wa kwanza kati ya wale watatu waliochukuliwa, sasa ana wajukuu. "Leo Jumamosi. Jumuiya inasali hapa kwangu. Ulinisema mbele ya watu. Kaa."

Nikakaa. Mimi Mwislamu nikakaa mpaka mwisho wa sala zao, watu kama ishirini uwanjani, Yeremia kwenye benchi la mbele na Paskazia kando yake, mkongwe sasa, mkono umeshika fimbo. Walipomaliza, Daforoza alisema ana mgeni mwenye neno. Nikasimama.

"Wale watoto wawili wa kwanza wa Daforoza," nilianza.

"Wana majina," alisema Daforoza.

Gaspari nilimtaja. Yule wa kwanza, msichana niliyemwandikia kadi kwa mkono wangu, jina halikuja. Nililitafuta, watu wote wakinisubiri, na kadi naiona, miezi miwili mitupu naiona, pale palipoandikwa jina sioni kitu.

"Renata," alisema.

Nikaanza upya. Nikasema Renata na Gaspari hawakufa kwa uzembe wa mama yao, waliugua ugonjwa ambao hakuna mama angeweza kuuzuia. Mimi ndiye niliyesema ni uzembe, na nilipoambiwa si kweli nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu watoto wengine walitolewa mikononi mwake. Yeremia aliinama. Paskazia akasogeza sikio, akasema hasikii Kiswahili vizuri, nirudie kwa Kiha. Nikamgeukia Daforoza anitafsirie.

"Kiha unakijua, Sista," alisema. "Ulinigombeza nacho."

Nikarudia kwa Kiha, neno kwa neno, na nilipokwama alinisubiri.